Maji ya Mti Hayajui Jumamosi

Swali lenu la wiki hii, "Je, wikiendi ya mapumziko hotelini inafaa fedha zake?", limenigusa pabaya, maana mimi na baba watoto tumetoka huko juzijuzi. Jibu la haraka: haifai. Ila nivumilieni, kwani tangu nishike kalamu nimeanza kubishana na nafsi yangu.

Tunaishi Massachusetts, Marekani. Mimi nahudumia wazee, zamu ya usiku. Wanetu wakatuchangia wikiendi kwenye hoteli ndogo ya kijijini Vermont, jimbo la jirani, mwezi wa tatu, msimu wa kuchemsha shira ya mepo, yaani maji ya mti wa mepo (maple) yanayochemshwa mpaka yawe mazito na matamu. Walioko huku wanaijua Machi ya Vermont: theluji imechakaa, matope yanameza gurudumu. Na hotelini kila kitu ni mepo. Sabuni mepo, chai mepo, kuku mepo, hata mshumaa wa msalani mepo. Nilitamani chumvi kama mja mzito. Bei siitaji, wanangu nao wanasoma gazeti hili.

Kubwa kwenye ratiba lilikuwa Jumamosi saa nane mchana: kwenda kwa mkulima jirani kuona shira ikichemshwa. Tukaenda. Mkulima, mzee wa maneno machache, akatuambia leo hakuna kitu. Maji ya mepo hutoka pale usiku unapoganda na mchana ukapata joto la kuyeyusha, na siku ile baridi haikuachia hata kidogo. Wageni wakapiga picha sufuria tupu, tukarudishwa hotelini kula theluji iliyomwagiwa shira ya moto, ikanata kwenye meno. Pembeni, donati na tango la achari. Baba watoto akalitazama lile tango akauliza kama kuna mtu tumemkosea. (Ni desturi yao, linakata utamu. Na linakata kweli.)

Ningekomea hapo ningesema tumeliwa. Lakini Jumapili jua likatoka. Tumeshafungasha, funguo tumekabidhi, tunapita mbele ya kile kibanda cha mkulima cha kuchemshia shira, mvuke unafoka juu ya paa. Baba watoto, mtoto wa Kilifi aliyekulia katikati ya wagema, akasimamisha gari bila kuniuliza.

Tulikaa mpaka giza. Mzee hakutukaribisha wala hakutufukuza. Alimwangalia mume wangu, akamwonyesha kuni ziliko. Basi ikawa hivyo: mlango wa tanuri unafunguliwa, kuni zinaingia, unafungwa, na baada ya muda mfupi tena. Sufuria yenyewe ni ndefu kuliko kitanda, ndani imegawanywa vijia. Maji yanaingia upande mmoja hayana rangi, yanajikokota huku yakipungua, yanatokea upande wa pili yakiwa kahawia. Povu likapanda ghafla, nikaruka nyuma. Mzee akadondosha kipande cha siagi kidogo kama punje, povu likanywea palepale. Kisha akachota kwa mwiko bapa, akauinua kwenye taa. Shira ikidondoka tone tone, bado. Ikikusanyika ukingoni na kushuka kwa upana wake wote, imeiva. Kipimajoto anacho, kinatakiwa kisome nyuzi 4 hivi za Selsiasi juu ya pale maji yanapochemka, lakini alikiangalia baada ya mwiko.

Akanipa kikombe cha maji ya mti, mabichi. Ni maji tu. Utamu unakuja ukishameza. Ndiyo maana galoni 40 hivi zinatoa galoni moja ya shira. Baba watoto akacheka: kwetu mgema akisifiwa tembo hulitia maji, huyu kazi yake ni kuyatoa! Nikamsimulia mzee. Akacheka kwa mara ya kwanza, akasema basi msinisifu mpaka mwezi wa nne, machipukizi yakifunguka shira inaharibika ladha na kazi inaisha. Ni yeye pia aliyetuambia kwamba Waabenaki, wenyeji wa asili wa huko, waliyajua maji haya kabla Mzungu hajatia mguu. Hotelini hilo halikutajwa na mtu.

Sasa, inafaa? Hoteli inakuuzia Jumamosi, nayo maji ya mti hayaijui. Wala nguo zangu hazikunukia sabuni yao, zilinukia moshi na shira wiki nzima, wazee kazini wakaniuliza nimepika nini. Lakini bila kile chumba tusingekuwa barabara ile Jumapili, na kitanda chao, tuseme haki, kilikuwa kizuri. Wenye watoto wadogo msiende, tanuri lile si la mchezo. Wenye kisukari mnajijua. Waliobaki, Vermont ina wikiendi za Machi ambapo vibanda vingi hufungulia milango yeyote apitaye. Nendeni mchana, nunueni chupa, mrudi mkalale kwenu.

Sisi mwakani tunalala hotelini tena. Baba watoto ameshapiga simu, kaomba na usiku wa kuamkia Jumatatu juu yake, endapo baridi itakaza. Nani atalipia huo usiku wa nyongeza, bado tunajadiliana.