Mafresha wa Septemba, niliandikia watu insha miaka mitatu, wacha niwaambie

Karibuni. Najua kuna komredi wa mwaka wa tatu ameshawanong'onezea ati kampasi unasoma wiki mbili za mwisho na pasti pepa, CAT (ile mitihani midogo ya katikati ya muhula) ni maksi 30, mtihani wa mwisho ni 70, wewe tafuta 40 ya kupita uende zako. Hajawadanganya. Hiyo hesabu inafanya kazi, mimi mwenyewe nilipita nayo.

Nikiwa mwaka wa pili HELB, ule mkopo wa serikali wa wanafunzi, ikachelewa, na jamaa tuliyekuwa tunakaa naye bedsita Kahawa Wendani akaniingiza kwa kazi ya kuandikia watu. Ni hivi: mwanafunzi yuko Marekani ama Uingereza, hataki kuandika insha yake, analipa mtandaoni, kazi inapita kwa mikono mitatu minne kila mtu anakata yake, inanifikia saa nne usiku kwa shilingi 250 ukurasa, dedlaini saa kumi na mbili asubuhi na stima ikipotea hiyo ni shauri yako.

Na nilisoma sana, siwezi kataa. Kisukari, sheria za mikataba, ile vita ya Marekani ya 1861 hadi 1865, vyote nilijua. Lakini lekcha za asubuhi nilikuwa nalala, na CAT zangu mwenyewe nikawa naingia na mwakenya kwa mkono wa sweta. Yaani usiku nafikiria kwa niaba ya mzungu, mchana siwezi kujifikiria mimi. (Hilo jina mwakenya, wazee wanasema lilitoka kwa vuguvugu la siri la miaka ya 80, watu walifungwa enzi za Moi kwa kupatikana na karatasi zake. Watu wamelala ndani juu ya karatasi, sisi tukachukua jina tukaipatia karatasi ya kuibia mtihani.)

Sasa kulikuwa na klaenti mmoja wa uuguzi nilimfanyia oda karibu muhula mzima. Mpaka hesabu za dripu nikazijua: mililita 500 zipite masaa manne, mpira wa matone 20 kwa mililita, hiyo ni kama matone 42 kwa dakika. Akapata A. Hata nikafurahi.

Miezi kadhaa baadaye mama akalazwa, siwezi sema wapi. Msichana mdogo hivi, nadhani alikuwa mwanafunzi wa atachimenti, anajifunza kazi, akaja kuweka dripu. Akaangalia saa, akahesabu matone, akarekebisha, akahesabu tena. Halafu akasema, "Mama samahani, sina uhakika, ngoja nimuite sista." Akaenda. Mama akaniangalia kama anayeuliza huyu anajua kazi kweli, na mimi nimesimama pale nimeshika flasiki ya uji nafikiria yule wa A yangu, wodini kwao sasa hivi, na kama amewahi kusema sina uhakika hata siku moja, juu angeanzia wapi, alinilipa mimi nisiwe na uhakika kwa niaba yake.

Sista alikuja, akapunguza kidogo, akamwonyesha kwa nini. Dakika mbili tu. Kile kitu yule msichana alijifunza hapo, na ile roho ya kukubali hajui mbele ya mgonjwa, sijawahi kuona mahali vinauzwa kwa ukurasa.

Hiyo biashara yangu ilikauka. Uingereza ilipitisha sheria 2022 ya kuharamisha kuuza insha, Novemba mwaka huohuo ChatGPT ikatoka, basi. Lakini nyinyi sasa mko na mwandishi wenu kwa simu, wa bure, halali, hachoki. Sisemi msiguse. Mimi sasa naitumia kazini, ila naandika yangu kwanza hata kama ni mbaya, ndio nijue nimekosea wapi.

CAT ya kwanza haiko mbali. Ingia bila kitu kwa sweta. Ukipata 9 kwa 30 chukua hiyo 9, beba karatasi uende nayo ofisini kwa lekchara, umwambie hapa sikuelewa. Mkienda wawili hata afadhali. Watu hawaendagi, kwa hivyo usishtuke akikuuliza umepotea.