Kwa anayeanza kazi ya rasilimali watu: andika siku ileile

Hongera kwa kazi mpya. Umekabidhiwa meza, kompyuta, kabati la mafaili, na pengine kanuni za kazi ambazo hakuna aliyezifungua tangu zichapwe. Watakuambia kazi yako ni watu. Ni kweli, ila sehemu kubwa yake utaifanya kwa karatasi, na ipo siku karatasi hizo zitasomwa na mtu asiyewajua kabisa: mkaguzi wa kazi, msuluhishi au hakimu. Unapoandika, mwandikie huyo.

Mimi nilijifunza hilo kwa aibu. Mwaka wangu wa pili kazini, mkuu wa idara mmoja aliingia ofisini akiwa amefura, anataka mtunza stoo wake aondoke kabla mwezi haujaisha. Alidai anachelewa, daftari la stoo halilingani na mzigo uliopo, na maonyo ameshapewa mara kibao. Nikafungua faili. Nilikuta mkataba, picha mbili za pasipoti na tathmini za miaka mitatu, zote zimeandikwa "vizuri sana", zote zina saini ya mkuu yuleyule. Onyo hakuna hata moja. Nilipouliza, akajibu kwamba alikuwa akimwambia kwa mdomo. Jioni ile tulikaa tukatunga barua tatu za onyo, kila moja na tarehe ya nyuma. Aliyezichapa ni mimi.

Shauri lilipofika kwenye usuluhishi, mwakilishi wa mfanyakazi hakuhangaika na habari ya kuchelewa. Aliweka barua ya kwanza mezani, akagusa namba ya simu iliyokuwa chini ya jina la kampuni, akauliza namba ile tuliipata lini. Tuliipata miezi minne baada ya tarehe ya barua. Hakuwa na swali lingine. Huenda mtunza stoo alikuwa na makosa yote aliyotajiwa, lakini kuanzia dakika ile kilichokuwa kinajadiliwa ni uongo wetu.

Kwa hiyo mkuu wa idara atakapokuja na hasira, na atakuja, swali lako la kwanza liwe: umeandika nini, na uliandika lini? Kama hakuna kitu, mwambie waziwazi kwamba tunaanza leo. Hatapenda. Atasema unamtetea mfanyakazi. Mvumilie, kwa sababu barua ya leo yenye tarehe ya leo ina nguvu kuliko tatu za kughushi.

Barua yenyewe isiwe na matusi wala sifa. Ukiandika "mvivu" umetoa maoni, na maoni hubishaniwa mpaka jioni. Andika kwamba zamu huanza saa 2:00 asubuhi, naye alifika saa 3:20 tarehe 4, saa 2:50 tarehe 7 na saa 3:05 tarehe 11. Eleza kanuni iliyovunjwa, maelezo aliyotoa, kinachotakiwa kubadilika, na tarehe mtakayokutana tena kuangalia. Akikataa kusaini, usimlazimishe. Mwite shahidi, barua isomwe mbele yake, shahidi aandike kwamba imesomwa na mhusika amekataa kusaini. Saini yake huonyesha amepokea, haimaanishi amekubali, na ukimweleza hivyo kwa upole wengi husaini.

Kuhusu tathmini za mwaka, hapa ndipo waajiri wengi hujichimbia shimo. Mkuu wa idara anaona haya kumpa mtu alama ndogo, au hataki kikao kirefu, basi anajaza "vizuri sana" chini mpaka juu. Miezi sita baadaye anataka mtu huyohuyo afukuzwe kwa utendaji mbovu. Siku hizi sipokei fomu isiyo na mfano hata mmoja wa kazi halisi. Narudisha. Nimeitwa msumbufu, na jina hilo nimelizoea.

Tukija kwenye kuachisha kazi, msingi wake si siri ya wanasheria. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipitisha mwaka 1982 Mkataba Namba 158, unaosema mtu asiachishwe bila sababu halali inayohusu uwezo wake, mwenendo wake au mahitaji ya uendeshaji wa shughuli, na kwamba anayetuhumiwa apewe nafasi ya kujitetea kwanza. Si kila nchi imeuridhia, lakini mawazo hayo mawili utayakuta katika sheria za kazi za nchi nyingi. Mkataba huohuo unataja yasiyoweza kuwa sababu halali, yakiwemo uanachama wa chama cha wafanyakazi, ujauzito, dini, na mtu kumshitaki mwajiri kwa kuvunja sheria. Soma sheria ya nchi yako yenyewe, neno kwa neno. Muhtasari wa mwenzako usikutoshe, hata huu wangu.

Nafasi ya kujitetea ina masharti yake. Tuhuma zitolewe kwa maandishi, apewe siku za kujiandaa, aruhusiwe kuja na mwenzake au mwakilishi wa chama, na aliyemshitaki asiwe ndiye mwenyekiti wa kikao. Niliwahi kukaa kwenye kikao cha nidhamu ambako barua ya kuachishwa kazi ilikuwa imeshachapwa, pembe yake inachungulia chini ya faili la mwenyekiti. Mtuhumiwa aliiona. Aliacha kujieleza katikati ya sentensi, akasema tu, "Endeleeni." Kikao cha namna hiyo ni heri kisifanyike.

Mkataba wa ajira usainiwe kabla mtu hajaanza kazi. Hilo halina maelezo marefu. Kipindi cha majaribio ndicho kinachoponyoka. Tarehe ya mwisho inapita, hakuna aliyemthibitisha wala kumwongezea muda, na mtu anaendelea kuja. Baadaye unagundua kwamba kisheria huenda ameshathibitika kwa ukimya wenu. Weka tarehe hizo kwenye kalenda, na mkumbushe mkuu wake mwezi mmoja kabla. Vilevile angalia wale wanaoitwa vibarua au washauri huku wanafuata zamu, wanatumia vifaa vya kampuni na wana bosi mmoja kwa miaka. Jina la mkataba halitaisaidia kampuni mbele ya mkaguzi, atatazama kazi inavyofanyika.

Saa za kazi ni jambo la zamani kuliko sote: mkataba wa kwanza kabisa wa ILO, wa mwaka 1919, uliweka kikomo cha saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki viwandani. Hata hivyo bado utakuta rejista ya mahudhurio ambamo watu wote huingia na kutoka dakika ileile kila siku, mwaka mzima. Rejista kama hiyo haimdanganyi mtu. Muda wa ziada uandikwe ulivyofanyika, na kila kato kwenye mshahara lionekane kwenye hati ya malipo, ili mtu asilazimike kuja kukuuliza.

Halafu kuna siku mtu atafunga mlango wako nyuma yake, akae, na kuanza na maneno "nakuomba usimwambie yeyote." Usiahidi. Ukiahidi kisha akakueleza kwamba msimamizi wake anamshika mwili, utakuwa umejifunga, kwani huwezi kuchunguza bila kumwambia mtu. Mwambie kwamba watakaojua ni wale tu wanaohitajika. Mkataba wa ILO Namba 190 wa mwaka 2019 kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini unawahusu pia wanafunzi wa mafunzo kazini na waombaji wa kazi, na unafika hadi safari za kikazi na ujumbe wa simu, kwa hiyo usikubali hoja ya "haikutokea ofisini". Na ikibidi kuwatenganisha wawili hao wakati wa uchunguzi, usiwe na haraka ya kumhamisha aliyelalamika. Wenzake watasoma uhamisho huo kama adhabu, na mlango wako hautagongwa tena.

Taarifa za afya za mfanyakazi zikae kwenye faili la peke yake, chini ya kufuli. Mkuu wa idara anahitaji kujua mtu atakuwa nje siku ngapi. Ugonjwa gani, hapana.

Wiki hii usianze na sera mpya. Chukua mafaili kumi bila kuchagua, uangalie kama yana mkataba uliosainiwa, majukumu ya kazi, kumbukumbu za likizo na tathmini. Panapokosekana karatasi, andika kwamba haipo, weka tarehe ya leo na saini yako. Anza na wale ambao majaribio yao yanaisha mwezi huu.