"Sijala" ya mgonjwa si FBG (sukari ya aliyefunga kula): kwa mnaoanza kliniki ya kisukari

Wadogo zangu mliopangiwa kliniki ya kisukari mwezi huu, karibuni sana, tunawahitaji. Ila mafaili ya wiki hii yanasikitisha. "Sukari 8.4." "Sukari 10.2." Basi (namba za sukari humu ni milimoli kwa lita). Saa ngapi? Alikuwa amefunga au ameshakula? Hakuna kilichoandikwa. Namba ya hivyo haimfai mgonjwa wala atakayempokea mwezi ujao, na ikishaingia kwenye MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, inapotosha taarifa ya wilaya nzima.

1. Uliza alichokula kabla hujamtoboa kidole.

Hapa nakaa, kwa sababu ni kosa letu sote tuliotangulia na limeumiza watu. Mama anaingia saa mbili asubuhi. Unamuuliza, "Mama, umekula?" Anajibu, "Hapana mwanangu, sijala." Mashine inasoma 8.4, unaandika FBG. Kwa kuwa FBG ya 7.0 na kuendelea ni kisukari, umeshampa ugonjwa. Kumbe saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kupanda daladala, alikunywa kikombe cha chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari. Wala hakukudanganya. Kwetu chai si kula. Uji si kula, na kipande cha muhogo njiani si kula. Kula ni ugali, ni wali. Swali ndilo lililokuwa baya.

Watu wa namna hii tumewaandikia glibenklamaidi ya 5 mg, kidonge cha kushusha sukari, siku hiyohiyo. Fikiria mzee asiye na kisukari kabisa, au ambaye kingedhibitiwa kwa chakula na metformini. Anameza kidonge asubuhi, anashika jembe, hali kitu mpaka saa nane mchana. Sukari inashuka chini ya 3.9, jasho linamtoka, anatetemeka, anaongea yasiyoeleweka, anaanguka. Nyumbani wanasema ni kifafa, au karogwa. Figo zake zikiwa dhaifu dawa haitoki upesi mwilini, kwa hiyo anaweza kuzinduka kwa dekstrosi (maji ya sukari ya mshipani) kisha akashuka tena usiku. Ndiyo maana mgonjwa wa aina hiyo haruhusiwi kwenda nyumbani mara tu akifumbua macho. Alazwe, apimwe kila baada ya saa chache. Akipona, kliniki haji tena, na nani atamlaumu?

Upande wa pili ni mbaya vilevile. Mtu anakuja ameshakula, RBG (sukari ya wakati wowote) 10.6, usiku anaamka mara nne kukojoa, suruali inamvuka. Tunamwambia, "Sukari iko sawa, haijafika 11.1." Hapana! RBG ya 11.1 kwa mwenye dalili inathibitisha ugonjwa, lakini 10.6 haimwondolei mtu shaka. Arudi akiwa amefunga walau kwa muda wa saa 8, au anyweshwe glukosi ya gramu 75 na kupimwa baada ya saa 2. Tulioacha kufanya hivyo tulikuja kuwapokea watu walewale baadaye, wamefunga mguu kitambaa na kidonda kinanuka.

Basi uliza hivi: "Tangu ulipolala jana, umetia nini mdomoni? Chai? Uji? Soda? Dawa ya maji ya kikohozi?" Kisha andika yote: "RBG 8.4, saa 2:15 asubuhi, chai ya sukari saa 11 alfajiri." Mikono ioshwe kwa sabuni na ikaushwe, kwani kidole chenye utomvu wa embe kinapandisha namba. Kama maji hakuna, futa tone la kwanza, pima la pili. Na FBG ya mtu asiye na dalili irudiwe siku nyingine kabla hujamwambia ana ugonjwa wa maisha.

2. Rejesta ndiyo macho ya nchi. Utafiti wa vijiji 6 vya Tanzania uliochapishwa mwaka 1989 ulikuta kisukari chini ya 1% ya watu wazima. STEPS ya 2012, utafiti wa kitaifa wa vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza, ikakuta 9.1% ya wenye miaka 25 hadi 64 wana sukari ya juu au wanatumia dawa za kuishusha. Msizilinganishe moja kwa moja, maana umri na mbinu vilitofautiana, ila mwelekeo unaonekana. Makadirio ya 2021 ya shirikisho la kimataifa la kisukari yalisema zaidi ya nusu ya watu wazima wenye kisukari Afrika hawajijui. Hao hawamo kwenye rejesta yako. Waliomo nao tunawavuruga: mgonjwa mmoja akija kila mwezi ni mahudhurio 12, si wagonjwa 12. Na hudhurio la kwanza la mwaka si sawa na mgonjwa mpya. Kila Januari kisukari "kinalipuka" kwa sababu hiyo tu.

3. Mtoto anayetapika, anahema kwa kasi na kwa kina, mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) hasi: pima sukari sasa hivi, usingoje kesho. Amekonda na ameanza tena kukojoa kitandani? Usibishane na nafsi yako.

4. HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi 2 hadi 3, ikifika 6.5% inathibitisha, lakini si kwa mwenye selimundu (sikoseli), ambaye chembe zake nyekundu haziishi muda wa kawaida na majibu yanatoka ya chini kuliko ukweli. Aliyeongezewa damu karibuni vilevile. Upungufu wa madini ya chuma waweza kuyapandisha. Kanda ya Ziwa, ambako selimundu ni nyingi, msisahau kuuliza.

5. Insulini: andika kwenye kichupa tarehe ya kukifungua; wiki 4 zikipita, kitupwe. Ya mchanganyiko ibingirishwe viganjani mpaka iwe nyeupe sawasawa, isitikiswe. Asiye na friji akiweke kwenye mfuko uliofungwa vizuri, ndani ya chungu cha udongo chenye unyevu, kivulini. Mwambie akuonyeshe anapochoma: papasa tumbo na mapaja. Ukikuta uvimbe laini, hapo ndipo dozi zinapopotelea, na sukari haitatulia hata umwongezee yuniti. Ahame sehemu, na siku ya kuhama umpunguzie dozi, kwani mahali pasipo na uvimbe insulini itanyonywa yote.