Unataka kupangisha nyumba kwa wageni wa siku chache? Tafuta kwanza mtu wa usafi

Mkuu, umeuliza ununue fanicha gani na upange bei vipi kwa nyumba ya vyumba viwili unayotaka kuwapangishia wageni wa siku mbili tatu. Nimeifanya kazi hii miaka kadhaa, nami naanza na swali jingine: mgeni akitoka saa nne asubuhi na mwingine anaingia saa tisa alasiri, nani ataingia humo katikati, na atamaliza? Kama jibu huna, fanicha isubiri.

Saa hizo tano ndizo biashara yenyewe. Mgeni husamehe kochi la zamani, ila unywele kwenye shuka hausamehewi. Kwa hiyo tafuta mtu wa usafi unayemwamini, mlipe kwa kila nyumba anayoimaliza, mlipe vizuri na kwa wakati. Kisha tafuta wa pili, kwa sababu siku wa kwanza atakapougua ndiyo siku utakayokuwa na wageni wawili wanaopishana mlangoni. Mwachie orodha fupi ukutani ndani ya stoo, na mwombe akutumie picha akimaliza: vitanda, bafu, jiko, ndani ya friji. Hizo picha zitakusaidia pia mgeni akidai alikuta kitu kimevunjika.

Mashuka nunua seti tatu kwa kila kitanda: moja imetandikwa, moja inafuliwa, moja iko kabatini. Usitegemee kufua na kukausha kati ya mgeni na mgeni. Siku ya mvua mpango huo unakufa. Rangi iwe nyeupe, taulo pia. Watu huogopa nyeupe kwa sababu ya madoa, lakini ndiyo pekee unayoweza kuitia dawa ya klorini bila kuiharibu, na shuka moja ikichanika unanunua nyingine inayofanana. Godoro livalishe kava lenye zipu linalolizunguka lote, lisilopitisha maji. Fua kwa maji ya nyuzi 60 kila kitambaa kinapohimili, maana joto hilo huua kunguni pamoja na mayai yao. Kunguni wakiingia utafunga nyumba, hakuna mjadala.

Kuhusu bei, usihesabu usiku uliojaa, hesabu kilichobaki. Mgeni wa usiku mmoja anakula gharama ileile ya usafi, dobi na sabuni kama mgeni wa siku nne. Mimi naweka kima cha chini cha usiku mbili au tatu, nakilegeza tu pale kalenda inapobaki na tundu la usiku mmoja ambalo halitajazwa kwa njia nyingine. Anayekwambia nyumba yake inajaa mwezi mzima, muulize amebakiwa na nini.

Ukitangaza kwenye mitandao zaidi ya mmoja, jua kwamba kalenda zao za nafasi, zinapounganishwa kwa kiungo, hazisomani papo hapo. Zinaweza kupitwa na saa kadhaa. Hapo ndipo nyumba moja inauzwa kwa watu wawili. Ama ununue programu ya kuziunganisha, ama uzibe tarehe kwa mkono mara tu maombi yanapoingia. Kumfutia mgeni nafasi aliyokwisha kuipata kunaumiza: Airbnb, mmoja wa mitandao hiyo, humpa hadhi ya mwenyeji bora yule mwenye wastani wa nyota 4.8, anayejibu ujumbe angalau asilimia 90, na anayefuta chini ya asilimia 1 ya nafasi alizokubali. Maoni huko huandikwa ndani ya siku 14 baada ya mgeni kutoka, na hakuna upande unaoona ya mwenzake mpaka wote waandike au muda uishe. Kwa hiyo ukiona kasoro, mweleze mgeni kwa adabu angali ndani, usingoje uandike kwa hasira.

Kamera ndani ya nyumba usiweke. Airbnb ilizipiga marufuku kabisa mwaka 2024, na hata wasingefanya hivyo, mimi nisingelala nyumba ya namna hiyo. Weka king'ora cha moshi, na kama kuna jiko au hita ya gesi ongeza kifaa cha kugundua kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo king'ora cha moshi hakiitambui. Kitasa cha namba kinakuondolea adha ya funguo, mradi ubadilishe namba kila mgeni akitoka.

Sheria iulize kabla ya kununua hata kijiko. London nyumba nzima hairuhusiwi kupangishwa hivi zaidi ya usiku 90 kwa mwaka bila kibali cha mipango miji. New York mwenyeji wa wageni wa chini ya siku 30 lazima ajisajili na aishi humo wakati wageni wapo. Kwako inaweza kuwa tofauti. Soma pia bima yako, nyingi za nyumba ya kawaida hazigusi biashara hii.

Sasa fanicha uliyoniuliza. Kitanda kisicholia, pazia zinazozuia mwanga kweli, soketi karibu na mto, ndoano za kutosha bafuni. Kabla ya kutangaza, lala humo usiku mbili, upike, uoge, ufue. Vilivyobaki utaviona mwenyewe kabla mgeni hajaviandika.