Silipu amedaka au silipu imedaka?

SWALI: Sisi tunaofuatilia kriketi tunabishana kuhusu silipu, nafasi ya kudakia mpira nyuma ya mpigaji. Mmoja husema “silipu imedaka”, mwingine “silipu amedaka”. Tena nimeona “sili-pointi” (kwa Kiingereza silly point, nafasi iliyo karibu sana na mpigaji) ikitafsiriwa “pointi mjinga”. Ipi sahihi?

JIBU: Aliyedaka ni mtu, basi sema “silipu amedaka”. Hii si kanuni mpya, kwani kwenye soka tunasema kipa amedaka na beki amekaba, na wakiwa wengi ni makipa na mabeki. Kwa hiyo ni “masilipu watatu wamejipanga kando ya mlinda wiketi”, yaani yule anayedaka nyuma ya vijiti. Lakini jina hilohilo ni la mahali pia. Nahodha akimwondoa mchezaji pale, utasema “silipu iko wazi”, na mpira ukipenya hapo, “umepita kwenye silipu”. Jiulize tu kama unamtaja mtu au nafasi aliyosimama.

Hiyo “pointi mjinga” naipinga kabisa, kwa sababu imekosea mara mbili. Msomaji wa Kiswahili akiona “pointi” anafikiria msimamo wa ligi, kumbe hapa asili yake ni ncha: ni mchezaji aliyesimama kuielekea ncha ya ubao wa mpigaji. Na huo “ujinga” si tabia ya mchezaji. Waingereza walimaanisha kwamba kusimama karibu hivyo na mpigaji ni kujitafutia jeraha. Kinachotakiwa katika tafsiri ni ule ukaribu. Eleza mara ya kwanza kwamba pointi hapa ni ncha, kisha sema “pointi wa karibu” ukimtaja mchezaji, “pointi ya karibu” ukitaja nafasi.

Historia ya mchezo inasaidia sana hapa. Mwaka 1597 huko Guildford, kusini mwa Uingereza, John Derrick, mzee wa miaka 59, alitoa ushahidi katika kesi ya kiwanja kwamba alipokuwa mwanafunzi yeye na wenzake walicheza kriketi kwenye kiwanja hichohicho. Hesabu yake inaturudisha kwenye mwaka 1550 hivi. Kwa muda mrefu baadaye mpira ulirushwa mkono ukiwa chini ya kiwiko, viwanja vilikuwa na mashimo na mabonde, na mlinda wiketi alidaka kwa mikono mitupu. Mipira mingi ilimponyoka, ndiyo maana nyuma yake aliwekwa mtu wa kuizuia (kwa Kiingereza long stop), na nafasi hiyo ilithaminiwa sana. Silipu naye amepata jina (kwa Kiingereza slip, kuteleza) kutokana na mpira unaoteleza kwenye ukingo wa ubao. Mrusho wa mkono juu ya bega uliruhusiwa mwaka 1864 tu, na kadiri viwanja na glavu zilivyoboreka, yule mzuiaji wa nyuma akatoweka. Ukikutana naye katika maandishi ya zamani, “mzuiaji wa nyuma” inatosha. Hakuna haja ya kukopa jina la nafasi ambayo karibu haichezwi tena.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: silipu, gali (nafasi kati ya silipu na pointi) na kava (nafasi iliyo mbele ya pointi) zikopwe zilivyo, kwani tafsiri yake haimwonyeshi msomaji chochote uwanjani. Upande wa mguu utafsiriwe, maana unaeleweka mara moja: ni ule upande wa miguu ya mpigaji anapojiandaa kupiga. Ila jihadhari na “mtu wa tatu” (third man), nafasi iliyo mbali nyuma ya silipu. Jina hilo lilitokana na kuongezwa mchezaji mwingine pale walipokwisha kuwapo pointi na silipu. Ukiliandika hivyo bila maelezo, msomaji atamtafuta mtu wa kwanza na wa pili asiwaone.