Unalea watoto wa watu nyumbani? Bima ya nyumba yako haiwajui

Mie nalea watoto nyumbani kwetu Fuoni, Unguja, huu mwaka wa saba. Nlianza na mtoto wa wifi yangu kwa sababu anafanya kazi hoteli na zamu zake kila wiki zinageuka, halafu akaja wa jirani, halafu wa shoga yake huyo jirani, mara nikajikuta nna watoto 6 ndani, nna msichana wa kunisaidia, na kila mwisho wa mwezi napokea pesa. Lakini ungeniuliza wakati ule nafanya biashara gani ningekwambia sifanyi biashara, nawashikia wenzangu watoto wao tu. Hapo ndo nlipokosea, maana pesa ukishaipokea kila mwezi kwa kazi ileile, mbele ya watu wa bima hiyo ni biashara hata kama wewe roho yako inakwambia ni msaada.

Siku yenyewe ilikuwa masika, mvua inapiga tangu alfajiri, watoto wote wako ukumbini kwa vile uani kumejaa maji. Nikaenda mlangoni kumpokea alochelewa, dakika 2 hazikutimia, nasikia ukelele. Mtoto wa miaka 2 kavuta kitambaa cha meza na chupa ya chai iko juu yake, kifuniko hakikukazwa, chai yote ikamwagikia pajani. Alhamdulillahi nlikuwa nshafundishwa kuwa mtu akiungua anamwagiwa maji ya baridi ya bomba yanayotiririka, dakika 20 nzima, si dawa ya mswaki wala asali wala barafu (nakuombeni sana hili lishikeni hata kama mengine hamtoyasoma), tukafanya hivo halafu tukakimbilia spitali. Alipona. Kovu lipo, ila anakimbia anacheza na sasa yuko skuli ya maandalizi.

Ila kupona kulichukua wiki 5 za kwenda kubadilishwa bandeji, na mamake kazini kwake asokwenda halipwi. Tulipokaa kuhesabu dawa, bandeji, nauli na siku alizokosa kazini ikaja kama 780,000. Hakunigombeza, na bora angenigombeza, alikaa kimya akawa ananiwekea risiti moja moja juu ya mkeka. Nlilipa kwa zamu yangu ya kibati (mchezo wetu wa kuchangiana pesa kwa zamu), pesa nlozikusudia kuezekea jiko, na zilizobaki nikamlipa kidogo kidogo miezi 4. Mtoto wake hakumrejesha kwangu na simlaumu.

Sasa nyumba yetu ina bima. Mume wangu alipochukua mkopo wa kumalizia nyumba, benki ilishurutisha ikatiwe bima, na kila mwaka tunalipa. Nikamwambia tuna bima sisi, twende tukadai. Tukaenda. Kijana alotupokea akatufungulia karatasi zetu wenyewe ambazo hatujawahi kuzisoma, akatuwekea kidole: matumizi ya jengo, makaazi ya familia. Kinachokingwa ni jengo na vilomo, moto, radi, mafuriko, wizi wa kuvunja. Mtoto wa mtu aloumia ndani kwako wakati unalipwa kumtunza, hayumo. Halafu akaniuliza, "Mama, hii kazi ya watoto mlitwambia?"

Hatukuwaambia. Tungemwambia nani, na kwa nini, mie nlijua bima ni kulipa tu. Ndo akatueleza kuwa lau siku ile nyumba ingeshika moto kwa lile jiko la gesi ninalopikia uji wa watoto, kampuni ingeweza kukataa kulipa hata nyumba yenyewe, kwa sababu matumizi yamebadilika na hatukuarifu. Yani nyumba hakuna na mkopo unaendelea kukatwa. Usiku ule sikulala, na sikuwaza tena chai, nliwaza moto.

Kwa hiyo mwenzangu unayelea watoto nyumbani, iwe 2 iwe 10, kabla hujanunua bima yoyote nenda katoe karatasi ya bima ya nyumba kama unayo (kama mna mkopo wa benki basi yumkini mnayo hata kama hujui) usome palipoandikwa matumizi ya jengo. Kama mmepanga basi bima ya mwenye nyumba ni yake, haikukingi wewe, na yeye pia ana haki ya kujua, maana wewe ndo unoiharibu bima yake bila ya kujua. Andika barua fupi: nyumbani hapa nalea watoto kadhaa, umri kadhaa, saa kadhaa mpaka kadhaa, nna msaidizi mmoja. Ipeleke kwa kampuni ya bima, wagongeshe muhuri wa kupokea kwenye nakala yako, na jibu lije kwa maandishi. Maneno ya kwenye simu ikija siku ya siku hayapo.

Ya pili ni bima ya kazi yenyewe, na hapa nlizunguka sana kwa sababu hakuna pahala utakuta kipeperushi kimeandikwa bima ya kulea watoto nyumbani. Wanakuunganishia vipande. Kuna vitu viwili watu wanavichanganya, hata mawakala wengine wanavichanganya, kwa hiyo nisome vizuri. Bima ya ajali ya kundi inalipa mtoto akiumia, bila kuuliza kosa la nani, lakini inalipa kiwango kilichoandikwa tu, matibabu mpaka kiasi fulani, ulemavu kiasi fulani. Ndo ile ile wanayoikatia wanafunzi wa skuli za binafsi. Bima ya dhima ni nyengine, hiyo inaingia pale ambapo kosa ni lako wewe au la msaidizi wako na mzazi anakudai au anakwenda mahakamani, inalipa fidia na kwa kawaida gharama za wakili pia. Chupa yangu ya chai ilikuwa kosa langu, kwa hiyo nlihitaji ya pili, na ya kwanza ingemsaidia mama yule kwenda spitali siku ileile bila kusubiri tugombane. Ukiweza chukua zote mbili. Huwezi, basi mie ningeanza na ya dhima kwa sababu jambo kubwa likitokea hiyo ndo itayokunusuru usiuze kiwanja.

Na uliza vilotolewa. Kila bima ina ukurasa wa vitu isivyolipa na huo ndo wa kuusoma mwanzo. Mie nliuliza: nikiwapeleka watoto ufukweni je? Chakula nilopika kikawadhuru je? Msaidizi wangu akimpiga mtoto akamuumiza je? Mtoto akichukuliwa na mtu asiye mzazi wake je? Baadhi walijibu ndio, baadhi hapana, ufukweni walikataa kabisa na mie nikaacha kuwapeleka, bora hivo. Uliza pia kiwango ni cha tukio moja au cha mwaka mzima, na wewe mwenyewe unatakiwa utoe kiasi gani kabla wao hawajatoa chao.

Kama unawachukua watoto kwa gari, hiyo ni habari nyengine kabisa. Bima ndogo ya gari binafsi imekatwa kwa gari binafsi, ukishaanza kulipwa nauli ya watoto umebadilisha matumizi, yaleyale ya nyumba. Na Vespa watoto wawili mbele mmoja nyuma, tafadhalini, hilo hakuna bima itayokusikiliza.

Wakala wa kwanza nlompata alinambia nisijisumbue, niandike makaazi tu, ada itakuwa ndogo. Ukisikia maneno hayo ondoka. Anapata kamisheni yake leo na wewe unabaki na karatasi isolipa. Muulize leseni yake na uihakikishe kwa TIRA, hao ndo wasimamizi wa bima na ofisi wanayo hapahapa Unguja, na hata ukishakatiwa unaweza kuhakiki kama bima yako imo kwenye mfumo wao. Na kwa sheria yetu ya bima ya 2009 bima haianzi mpaka ada imelipwa, kwa hiyo wakala akikwambia uko salama utalipa mwezi ujao, hujawa salama. Ukigombana na kampuni baadae kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, unapeleka malalamiko yako bila ya kuanza na mahakama.

Najua wengi wetu kinachotuzuia si pesa, ni dini. Mama mkwe wangu alinambia ajali ni kadari na bima ina riba na kubahatisha ndani yake, na mie sikumbishia kwa sababu wasiwasi ule ni wa kweli, nlikwenda kumuuliza ustadhi wetu. Yeye ndo alonielekeza kwenye takaful. Mule unachotoa ni mchango, unaingia kwenye mfuko wa wachangiaji wote kwa nia ya kusaidiana, anaepatwa na janga analipwa kutoka humo, kampuni inachukua ujira wake wa kusimamia, na mfuko haupelekwi kwenye riba. Siku hizi huduma hiyo ipo hapa, na Shirika la Bima la Zanzibar, lile la tangu 1969, nalo limeiingiza. Mama mkwe aliposikia kama ni kuchangiana kama tunavochangiana misiba aliridhika.

Kabla ya kunikatia walikuja kukagua. Nlidhani watatazama jiko tu, wakatazama kisima cha uani, wakatazama mnazi. Mnazi ule uko pale kabla hatujajenga, sijawahi kuufikiria, na watoto wanacheza chini yake kila siku. Nikamwita mkwezi akaangua nazi zote na makuti makavu, sasa anakuja kila baada ya miezi 3, kisima kikawekwa mfuniko wa chuma na kufuli, mtungi wa gesi ukatolewa nje. Hata kama bima hukati, fanya haya.

Jambo moja lilinishinda mwanzo. Karatasi ya bima inasema likitokea la kutokea niwaarifu mapema na nisikiri kosa wala kuahidi malipo kabla wao hawajaliangalia. Kwetu sisi mtoto wa mtu akiumia mkononi mwako kitu cha kwanza ni kwenda kwao, kuomba radhi, na kusema ntalipa kila kitu. Nliwauliza waziwazi, wakanambia kutoa pole hakuna shida, kumkimbiza mtoto spitali hakuna shida, kwenda kumtazama nenda, kinachoharibu ni kuandikiana kuwa utalipa kiasi fulani. Kwa hiyo wazazi wa watoto wote nimewaeleza tangu siku ya kwanza, nna bima, ikitokea nitakuwa na wewe, na njia ya kulipwa ni hii. Ile karatasi ya kumsainisha mzazi kuwa hatodai chochote usiitegemee, uzembe ukithibitika anaweza kudai vilevile. Daftari ndo la kuliweka, mtoto kaingia saa ngapi, kala nini, kaanguka wapi, nani kamchukua.

Ada yangu ya mwaka mzima haifiki nilicholipa kwa ile chupa moja ya chai. Nimeongeza kidogo kwenye malipo ya kila mtoto, nikawaeleza kwa nini, mmoja alilalamika, wengine walishukuru.

Mwezi uliopita mama mmoja kaniletea mapacha. Bima yangu inasema watoto 6, na hao wangekuwa wa 7 na wa 8. Nikamwomba anisubiri, nikapeleka barua, baada ya siku 3 wakanijibu kwa maandishi na nyongeza ya ada, nikalipa, ndo mapacha wakaingia. Wako hapa wamelala kwenye busati wakati naandika haya, na chupa ya chai iko juu ya kabati.