Kuweka mvinyo nyumbani Nairobi: mwambie shemeji asibebe chupa kumi na mbili

Ndugu uliyeuliza, naona umeshajibiwa "nunua friji kwanza" na "leta tu, hawaangalii". Yote mawili ningeyaweka kando. Kwa waliochelewa kuingia: jamaa anaishi ghorofa ya nne Ruaka, anataka kuanza kuweka mvinyo wa kunywa miaka ijayo, na shemeji yake anarudi Desemba kutoka Cape Town. Anauliza kama shemeji anaweza kumbebea chupa kumi na mbili, na kama friji ya mvinyo ni lazima. Mimi nimeweka chupa katika nyumba za kupanga za Nairobi miaka mingi sasa, na kila jamaa yangu anayepanda ndege amewahi kuombwa mzigo, kwa hiyo nitajibu kwa marefu.

Tuanze na mpaka, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotelea. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inamruhusu msafiri aliyetimiza miaka 18 kuingia na lita moja ya pombe kali, au lita mbili za mvinyo, bila kutozwa ushuru. Achague moja, si zote mbili. Chupa ya kawaida ni mililita 750. Mbili zinakula lita moja na nusu, na ile nusu lita iliyobaki watu wengi huiacha ipotee bure. Usiiache. Klein Constantia, shamba la kale nje kidogo ya Cape Town, hutengeneza mvinyo mtamu uitwao Vin de Constance, na chupa yake ni ya mililita 500. Chupa mbili za kawaida na moja ya hiyo ni lita mbili kamili. Si ya bei ya chini, lakini ni mvinyo unaokaa miaka ishirini na zaidi bila wasiwasi, na kwangu mimi hakuna chupa inayostahili nafasi kwenye begi la shemeji kuliko hiyo.

Sasa zile tisa zilizozidi. Si marufuku kuzileta, ila azitangaze na kulipia. Kwanza kuna ushuru wa forodha, unaopigwa kwa thamani ya mzigo. Halafu ushuru wa bidhaa, ambao tangu mwisho wa Desemba 2024 haupigwi tena kwa lita bali kwa kiasi cha pombe yenyewe: shilingi 22.50 kwa kila sentilita ya pombe halisi. Chupa yenye asilimia 13 ina sentilita 9.75, kwa hiyo ni kama shilingi 219. Mvinyo ulioongezewa nguvu wa asilimia 20, ile mitindo ya port, unafika 337 na senti hamsini. Juu ya yote hayo inakuja VAT ya asilimia 16 na ada nyingine mbili tatu. Angalia jambo moja hapo: hizo 219 hazijali kama chupa ilinunuliwa kwa bei ya soda au ya mbuzi. Ndiyo maana kulipia ushuru chupa ya bei ya chini ni kujiumiza, na ndiyo maana nasema mwambie shemeji asibebe kumi na mbili za kawaida ambazo supamaketi yako ya Ruaka inazo tayari.

Na wale wa "hawaangalii": chupa kwenye mashine ya kukagua mizigo haifichiki hata uivishe sweta tatu. Mzigo uliofichwa unaweza kutaifishwa wote, pamoja na zile lita mbili zilizokuwa halali yako. Aliye na ziada apite njia nyekundu, ile ya wenye vitu vya kutangaza forodhani, akiwa na risiti mkononi. Bila risiti, afisa ndiye atakayekadiria thamani, na sijawahi kuona makadirio yanayompendelea abiria.

Risiti ina kazi nyingine kabla hata hajaondoka. Afrika Kusini humrudishia mgeni VAT yake ya asilimia 15 kwa bidhaa anazotoka nazo nchini, mradi jumla ipite randi 250 na awe na ankara rasmi ya kodi. Wengi hukosa kwa sababu moja: bidhaa hukaguliwa kabla begi halijakabidhiwa kwa shirika la ndege. Ukishalikabidhi, chupa ziko tumboni mwa ndege na hakuna cha kuonyesha. Lakini kama shemeji anaishi na kufanya kazi kule, hiyo haimhusu, ni ya wageni tu.

Kufunga mzigo nako kuna namna yake. Chupa ya mvinyo ikiwa imejaa huwa na kilo moja na robo hivi, zile za kioo kizito hufika moja na nusu, kwa hiyo kumi na mbili zingemaliza karibu begi zima. Mvinyo chini ya asilimia 24 hauna kikomo cha usalama wa anga kwenye begi la kukabidhi, ila kwenye begi la mkononi unaishia kwenye ukaguzi, labda uwe umenunuliwa ndani ya uwanja na kufungwa kwenye mfuko wenye lakiri. Mimi huwaambia hivi: soksi nene mbili kwa kila chupa, mfuko wa plastiki uliokazwa kwa mpira, halafu katikati ya jinzi, shingo ya moja ikitazama kitako cha nyingine, na nguo iwepo kati ya kila chupa na ukuta wa sanduku. Ukitikisa sanduku na kusikia chochote, fungua upange upya. Mvinyo ukifika, uache utulie wiki mbili tatu kabla ya kuufungua, hasa mwekundu wenye mashapo.

Kuna aliyetaja mvinyo wa Dodoma, Tanzania. Nampongeza, maana Wakenya tunausahau mvinyo wa jirani. Mizabibu iliingia huko na wamisionari miaka ya 1950, na kwa kuwa hakuna majira ya baridi kali, wanavuna mara mbili kwa mwaka. Jaribu mwekundu wa zabibu ya Makutupora. Ila usidanganyike kwamba mpakani Namanga hakuna malipo kwa sababu sote ni Jumuiya ya Afrika Mashariki: cheti cha asili ya bidhaa huondoa ushuru wa forodha tu, ushuru wa bidhaa na VAT vinabaki palepale. Na kabla hujafika Namanga, kuna mvinyo wa Leleshwa wa Naivasha, hapa hapa Kenya, ambao hauhitaji pasipoti. Huo ni wa kunywa, si wa kuweka miaka kumi, na hakuna ubaya.

Hapo ndipo wengi wanaoanza hupotea: karibu kila chupa iliyo rafuni imetengenezwa inywewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Nyekundu tamu haitakuwa bora kwa kulala kabatini. Mvinyo wa boksi una tarehe iliyopigwa chapa, isome. Mvinyo unaokaa ni wa zabibu kama Cabernet na michanganyiko yake kutoka Stellenbosch, karibu na Cape Town, Pinotage ya shamba linalojiheshimu kama Kanonkop, na Chenin Blanc chache zilizokaa kwenye pipa. Pinotage, kwa njia, ni mtoto wa Stellenbosch hasa: profesa Abraham Perold aliichanganya kutoka Pinot Noir na Cinsault mwaka 1925. Ukiona mavuno ya 2015 au 2017 ya Rasi, yaani eneo la Cape, kwa bei unayoiweza, usiulize mara mbili. Nunua tatu za aina moja badala ya tatu tofauti. Moja ifungue sasa, moja baada ya miaka miwili, ya tatu utajua mwenyewe.

Lakini uitazame chupa kabla ya kulipa. Iinue kwenye mwanga: mvinyo uwe umefika shingoni, si mabegani. Pitisha kidole juu ya kifuniko cha foili. Kikiwa kimevimba, au kuna utando wa kunata pembeni, chupa imepata joto na kizibo kimesukumwa. Ile iliyosimamishwa rafu ya juu kabisa chini ya taa, au dirishani kama pambo, mwachie mwenye duka. Na stempu ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, ikague kwa programu yao ya Soma Label, dakika moja tu.

Turudi kwenye nyumba yako. Nairobi tuna bahati ya mwinuko: Julai usiku ni baridi ya kutosha pishi, na hata Februari hatufiki joto la Mombasa, ambako bila friji ningesema achana na mambo haya. Kinachoua mvinyo hapa ni kupanda na kushuka kila siku. Nyuzi 18 zisizobadilika ni nafuu kuliko 14 za alfajiri zinazokuwa 27 saa kumi alasiri, kwa sababu mvinyo hutanuka na kusinyaa, na kila mara kizibo hupitisha hewa kidogo. Ghorofa ya juu yenye mabati au zege tupu juu yake ni mbaya zaidi. Juu ya friji ya jikoni, ambako nusu ya Nairobi huweka chupa zake, kuna joto na mtetemo kwa pamoja. Ndani ya friji ya jikoni, kwa miezi mingi, kizibo hukauka.

Tafuta kabati la chumba cha ndani, ukuta usiopigwa na jua la jioni, chini karibu na sakafu. Zenye kizibo zilaze, zenye kifuniko cha kuzungusha zisimame zitakavyo. Tumbukiza kipimajoto kwenye glasi ya maji ndani ya kabati hilo, maana hewa hubadilika kila ukifungua mlango lakini maji huenda taratibu kama mvinyo wenyewe. Soma saa moja asubuhi na saa kumi alasiri.

Tofauti ikiwa nyuzi mbili au tatu, friji haina haraka, hela hiyo nunulia chupa. Ikipita tano, itafute, na ya kompresa ndiyo itakayohimili Februari; ile ndogo isiyo na kelele hupoza hadi kiwango fulani tu chini ya joto la chumba. Iwekee kile kifaa cha kulinda friji, kwa sababu stima ikipotea mvinyo huvumilia saa kadhaa, lakini stima ikirudi kwa kishindo saketi haivumilii. Pima wiki mbili, kisha uturudishie namba hapa na utuambie dirisha la chumba hicho linatazama upande gani.